Mrejesho: Asili ya jina "pera"

Wakuu, niliuliza kwa nini tunda letu linaitwa pera, ilhali Wareno neno hilohilo wanalitumia kwa peasi. Asanteni mliojibu.

Waliosema jina ni la Kireno wako sahihi. Mpera asili yake ni Amerika ya kitropiki, na Wareno wenyewe tunda hili huliita goiaba, neno lililotoka kwa wenyeji wa huko. Kilichonishawishi hasa ni India. Goa, walikotawala Wareno hadi 1961, kwa Kikonkani (lugha ya huko) pera ni "per". Wamarathi wa Mumbai nao husema "peru". Yaani jina la peasi lilivishwa tunda geni (umbo lao si mbali sana) huku huku Bahari ya Hindi, kwenye njia ileile ya meli iliyopita Mombasa na Kilwa.

Aliyesema jina lilitokana na Padri Lourdel, mmisionari wa Uganda, hapana. Yule alifika 1879, na Waganda wakamwita Mapeera kutokana na Kifaransa "mon père" (padri wangu). Mapera ya kula hayamo kabisa, ingawa utani wenyewe mtamu!

Limebaki jina la danzi. Nitaliulizia peke yake.