Koni ya resoneta inabonyea, na piezo inakonda ikiunganishwa na pikapu: kosa liko wapi?

MbaoNgumu

Wakuu, salaam. Nina gita la resoneta (lile linalokuza sauti kwa koni ya bati ndani ya boksi) la koni moja, aina ya biskuti (kipande cha mbao cha duara juu ya koni), linalotengenezwa nyumbani. Limefika hatua ya kufungwa nyuzi lakini halijakaa sawa. Naweka vipimo vyote ili msinisaidie kwa kukisia.

Boksi ni plaiwudi, uso wa mm 6. Shingo ni mninga, na mti wake unapita ndani ya boksi mpaka kitakoni. Kutoka nati (kizuizi cha nyuzi upande wa kichwa) hadi tandiko (kinachokaliwa na nyuzi juu ya biskuti) ni mm 635. Koni ni ya dukani, inchi 9.5. Nyuzi ni seti ya 12 hadi 53 (unene kwa elfu za inchi), fosfa bronzi. Kutoka kwenye tandiko hadi kwenye mkia (zinapofungiwa nyuzi) ni sm 12, na katika umbali huo nyuzi zinashuka mm 32. Mfuniko wa juu ni kifuniko cha sufuria cha sm 30 kilichotobolewa matundu.

Upande wa umeme kuna piezo (kihisi cha mtikisiko) ya duara ya mm 27 chini ya biskuti, na pikapu nyembamba ya sumaku ya kilo-omu 7 mwisho wa kibao cha vidole. Zote mbili zimeungwa pamoja kwenye kontroli moja ya kilo-omu 250, kisha jeki.

Matatizo: siku mbili baada ya kukaza nyuzi, nyuzi zimeshuka mm 2 na koni imeanza kuingia ndani. Uzi wa tatu na wa nne unakwaruza. Piezo ikiwa peke yake inajaa vizuri kwenye amplifaya, lakini ikiungwa pamoja na pikapu inakuwa nyembamba, besi yote inapotea. Kuna mvumo unaopungua ukishika chuma cha jeki, ila ukishika nyuzi haubadiliki. La mwisho: koni hii ikifa, kifuniko kingine cha sufuria kinaweza kushika nafasi yake?

Fundi_Nyuzi

Mkuu, umefanya vizuri kuleta vipimo, maana jibu limo humo humo. Kushuka mm 32 kwa sm 12 ni pembe ya karibu digrii 15. Seti ya 12–53 kwa urefu huo, kwa tyuni ya kawaida, inavuta karibu kilo 70. Zidisha 70 kwa saini ya digrii 15 upate kilo 18 zinazokandamiza koni usiku na mchana. Bati ya alumini ya karibu robo milimita haiwezi kuubeba mzigo huo.

Lenga digrii 7. Kwa sm 12 zako, hiyo ni kushuka mm 15 tu, na mzigo unakuwa chini kidogo ya kilo 9. Usiende chini ya digrii 5 lakini, kwa sababu nyuzi zitaelea juu ya tandiko na kukwaruza kwa sababu nyingine kabisa.

Njia rahisi ni kuunyanyua mkia. Chonga kipande cha mbao ngumu chenye unene wa mm 17, kikae chini ya mkia pale ambapo nyuzi zinaanzia, na ubandike kitambaa kizito chini yake kisilie. Usichimbe kisima cha koni (shimo inamokaa) kiwe kirefu zaidi ili kupata pembe hiyo. Kwa kufanya hivyo unashusha na nyuzi juu ya freti, halafu utalazimika kubadilisha pembe ya shingo.

Legeza nyuzi, toa koni, uiangalie ukingoni. Kama imebonyea tu bila kunyanzi, ikandamize taratibu kutoka ndani kwa kidole gumba ikiwa imelazwa juu ya kitambaa kinene. Ikishaweka kunyanzi, tafuta nyingine. Bati iliyokunjika itarudi kukunjika pale pale.

Kabla ya kuirudisha, pima kidato inapokalia. Kipake chaki, weka koni, izungushe kidogo, kisha igeuze uone chaki imeshika wapi. Palipo patupu ni bonde, na hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Gundisha msasa namba 180 kwenye duara la ubao ulionyooka, usugue mpaka chaki ishike mduara mzima. Kisima kiwe kipana kuliko koni kwa mm 1 au 2. Usitie gundi wala skrubu ukingoni: koni inashikwa na uzito wa nyuzi tu, na ikibanwa pembeni inaziba sauti.

Skrubu ya biskuti nayo ikilegea inakwaruza, na ikikazwa mno inabonyeza kilele cha koni. Ikaze mpaka biskuti isizunguke, basi.

Waya_Risasi

Nachukua upande wa umeme. Piezo ya mm 27 ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi. Ukiiunga sambamba na koili ya pikapu yako ya kilo-omu 7, koili inaimeza: kila kitu chini ya hezi 1,100 hivi kinaanza kupotea. Uzi wako wa sita ni hezi 82. Ndiyo maana besi haipo. Kwenye ingizo la megaomu 1 la amplifaya ya gita, kikomo hicho kinashuka hadi hezi 8, ndiyo maana ikiwa peke yake inajaa.

Kila moja ipewe bafa yake (saketi ndogo inayozuia moja isiimeze nyingine) kabla ya kukutana. Aisii moja ya TL072 inatosha, kwa betri ya volti 9. Rezista mbili za kilo-omu 100 zigawe betri katikati, na kapasita ya maikrofaradi 10 itoke hapo katikati kwenda ethi. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ethi. Piezo iingie mguu wa 3 kupitia kapasita ya nanofaradi 100, na rezista ya megaomu 2.2 itoke mguu wa 3 kwenda katikati. Unga mguu wa 1 na wa 2. Pikapu ifanye hivyo hivyo kwenye mguu wa 5, ila rezista yake iwe kilo-omu 470, la sivyo itakuwa kali mno masikioni. Miguu ya 6 na 7 iungwe. Kila tokeo lipite kapasita ya maikrofaradi 1, liingie kontroli yake ya kilo-omu 50, kisha rezista ya kilo-omu 10, ndipo yakutane kwenye jeki.

Tumia jeki ya stirio: hasi ya betri iende kwenye pete yake, ili betri iwake pale tu waya unapochomekwa.

Mvumo: nyuzi zako hazina ethi. Vuta waya kutoka mkia hadi ethi ya jeki, na mwingine kutoka kwenye mfuniko. Kwenye piezo, sahani ya shaba iwe ethi na doa jeupe la katikati liwe waya wa sauti. Ukiifunga kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi, itanyamaza zaidi. Weka tepu kati yake na doa lile zisigusane.

Kitako

Kuhusu sufuria: hapana kwa koni, ndiyo kwa mfuniko. Kifuniko cha sufuria ni kinene mara kadhaa kuliko koni, kwa hiyo nyuzi hazina nguvu ya kukitikisa. Utapata sauti ya bati iliyogongwa, inayokufa haraka. Kwenye koni ndipo pesa iende, mengine yote bana matumizi. Koni za resoneta zilibuniwa Los Angeles, kampuni ya National ikaanza kuziuza mwaka 1927, kwa sababu moja tu: gita lisikike katikati ya bendi kabla ya amplifaya. George Beauchamp aliyekuwa akiitafuta sauti hiyo kubwa ndiye baadaye aliyeshughulikia pikapu ya sumaku. Kwa hiyo kwenye gita lako vitu viwili vinafanya kazi tofauti: sumaku inasikia uzi, piezo inasikia koni. Bila piezo inayofanya kazi vizuri, ukiwa jukwaani koni inabaki pambo.

Hakikisha pia mfuniko uko mbali na koni angalau mm 3 kila mahali, na sehemu ya kuwekea kiganja haigusi tandiko.

MbaoNgumu

Ahsanteni sana wakuu. Chaki imeonyesha bonde upande wa besi, karibu robo ya mduara. Koni haina kunyanzi. Mawili yamebaki: nikiunganisha zote mbili na besi bado ikapungua, nitajuaje kama ni bafa au kitu kingine? Na je, nyuzi za bronzi zinafaa kwa sumaku?

Waya_Risasi

Zima moja moja kwa kontroli. Kila moja ikijaa peke yake lakini zikiwa pamoja zinakonda, zinapingana, moja inasukuma nyingine ikivuta. Badilisha nyaya mbili za koili ya sumaku. Piezo usiiguse, utaharibu kinga yake. Kabla ya kubadilisha, angalia kama kava la pikapu limeungwa na waya mmoja wa koili. Kama ndivyo, litenganishe kwanza na ulipe waya wake wa ethi.

Bronzi sumaku haiioni, inaona chuma cha ndani tu. Ndiyo maana uzi wa kwanza na wa pili, ambao ni chuma kitupu, utaruka juu ya mingine. Weka za nikeli, au ushushe pikapu upande wa nyuzi nyembamba.

Fundi_Nyuzi

Ukimaliza, pima tyuni kwenye freti ya 12. Ikiwa juu kuliko okteva kamili ya uzi mtupu, tandiko lirudi nyuma mm 2 hadi 3. Kwa kuwa koni ni duara, unaweza kuizungusha kidogo pamoja na biskuti, upande wa besi urudi nyuma zaidi, bila kuchimba chochote.