Kiwanda cha bia kikitaka kupunguza hewa chafu kweli, kianzie wapi? Boila, chupa au friji la baa?

Mpima_Moshi
Wakuu heshima kwenu. Kila mwaka makampuni ya bia yanatoa ripoti yenye picha za mabosi wamevaa ovaroli wanapanda miche. Sina ugomvi na miti ila naona tunapigwa changa la macho. AB InBev, hawa walioichukua TBL, kampuni ya bia ya hapa Tanzania, baada ya kuinunua SABMiller 2016, walitangaza 2018 kwamba ikifika 2025 watakuwa wamepunguza hewa ukaa kwa asilimia 25 kwa kila kinywaji wakihesabu kutoka 2017, na waliahidi ni kuanzia shambani mpaka kwa mnywaji, sio getini tu. Muda wenyewe ndio huo umeshapita. Sasa tujadili kama watu wazima, hapa kwetu kiwanda kikitaka kupunguza kweli kianzie wapi? Mimi naanza na boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Karibuni.

Mtumishi77
Kianzie kwa kufungwa. Pombe inabomoa nyumba za watu halafu nyie mnahangaika na moshi wake.

Mpima_Moshi
Mtumishi nakuheshimu, ila soda nayo inachemshiwa sukari, chupa zake zinaoshwa kwa maji ya moto na inakaa kwenye friji. Nayo tuifunge? Fungua uzi wa pombe na familia nitakuja kukuunga mkono, hapa tuongee moshi.

kijana_wa_Ilala
Boila ya nini bwana, mapaa ya viwanda hapa Dar ni makubwa kama viwanja vya mpira, wajaze sola mchezo uishe. Jua lote hili.

FundiStimu
Mdogo wangu sola nzuri lakini haigusi penyewe. Kiwanda cha bia kinakula JOTO kuliko umeme. Unachemsha maji ya kimea (shayiri iliyooteshwa ikakaushwa), halafu ule mchuzi unauchemsha na hopsi, maua ya kuipa bia uchungu, nyuzi 100 saa nzima au zaidi, unaosha matangi kwa maji ya moto, unaosha chupa zilizorudi kwa magadi makali yakiwa ya moto, ukimaliza bia ikiwa tayari ndani ya chupa unaipitisha tena kwenye nyuzi kama 60 kuua vijidudu. Yote hiyo ni mvuke na mvuke ni boila na boila nyingi nilizozijua mimi ni mafuta mazito, meusi kama lami. Umeme wa gridi wenyewe saivi una maji mengi, bwawa la Nyerere megawati 2115, kwaiyo sola yako inaondoa umeme ambao tayari ni msafi kiasi wakati bomba la moshi linaendelea vilevile.

Na kabla hata ya kubadilisha mafuta, fungeni kwanza panapovuja. Kuna kiwanda nilifanya kazi sikitaji, nyuma ya jengo la kupikia kulikuwa na kibomba chini kabisa usawa wa goti, kinatoa mvuke mweupe mchana na usiku mpaka pale chini pakawa tope la kudumu lenye majani ya kijani hata kiangazi. Kila mtu anapita anaona, hakuna anayeandika. Yale ni mafuta yamechomwa yakamwagwa. Na maji ya moto yanayotakiwa yarudi kwenye boila yanaenda mtaroni, unajaza ya baridi unaanza kuyachemsha upya. Hayo hayahitaji mkopo wa benki wala mzungu, yanahitaji spana.

Jaduong_Ksm
Nyinyi Watanzania mnaongea tu, huku tumeshafanya. EABL, kampuni ya bia ya huku Kenya, wameweka boila za biomasi, yaani za kuchoma kuni na mabaki ya mimea, Kisumu na Nairobi, mafuta mazito wakayaweka kando. Hiyo ya Kisumu ni kiwanda kilifunguliwa tena 2019 kutengeneza keg, bia ya pipa, ya mtama, wakulima wa mtama huku Nyanza wanauzia hapo. Si mtoe mfano kwa jirani badala ya kuandika insha.

Ngosha_Mwz
"Mnaongea tu"? Kaka acha dharau. Boila za Kisumu zimewekwa kwa hela za Diageo, Waingereza waliokuwa na hisa nyingi EABL, sio za kwako wewe, usijipige kifua. Halafu biomasi ni jina la kupamba, sema inachomwa nini. Kama ni magogo ya msitu hapo hujapunguza kitu, umehamisha moshi kutoka kwenye pipa la mafuta kwenda kwenye mti. Kama ni pumba za mpunga njoo huku kwetu Kanda ya Ziwa uone. Zamani pumba zinalundikwa nyuma ya mashine mpaka mwenye mashine anazichoma moto apate nafasi, leo zinauzwa kwa gunia maana wachoma tofali wanazitaka, wafuga kuku wanazitaka za kutandika bandani. Kiwanda kikubwa kikiingia sokoni na malori yake, mchoma tofali atarudi kukata miti. Hiyo hewa nani anaihesabu?

Jaduong_Ksm
Sijasema hela ni zangu. Nimesema imefanyika.

Ngosha_Mwz
Umesema tunaongea tu. Soma ulichoandika.

Mpima_Moshi
Jamani turudi. Nimekumbuka kitu, kuna kampuni ya bia Marekani inaitwa New Belgium, 2008 walitoa hesabu ya bia yao moja, pakiti ya chupa sita, ikaja karibu kilo 3.2 za hewa ukaa. Kubwa kuliko zote haikuwa kiwanda! Ilikuwa friji za madukani, zaidi ya robo ya hesabu yote. Ikafuata chupa yenyewe, kisha shayiri na kimea. Kwaiyo mnisamehe wenye baa, nyie mnaoacha friji nne zinanguruma usiku kucha ili mtu apate ya baridi ndio wachafuzi wakubwa kuliko hata hicho kiwanda tunachokisema.

FundiStimu
Mkuu hesabu hiyo huwezi kuihamisha ilivyo. Hao wako Colorado, miaka hiyo umeme wao mwingi ulikuwa wa makaa ya mawe, na chupa zao zikinywewa hazirudi kiwandani. Kwetu umeme tofauti na chupa inarudi na kreti. Piga upya.

MamaBaa_Tabata
Eti MIMI ndio mchafuzi!! Wewe Mpima_Moshi ushawahi kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya baa? Ngoja nikwambie lile friji lilikujaje. Limeletwa na gari la kampuni, nembo ya bia ubavuni, taa inawaka usiku kucha kama harusi, na karatasi nimesainishwa kwamba humo ndani nisiweke bia ya mwenzao. Mpira wa mlango umechanika tangu mwaka jana, ukiweka mkono pale chini unasikia baridi inatoka, nimepiga simu kwa wahusika naambiwa fundi anakuja. Hajaja. Nimefunga kwa kamba ya katani mlango usiachie. Uniti zinaisha nanunua mimi, friji la kwao, tangazo la kwao, halafu kwenye mjadala mchafuzi ni mama Tabata? Muogope Mungu mwanangu.

Mpima_Moshi
Mama shikamoo. Sikukulenga wewe binafsi, nimesema hesabu inavyosema.

MamaBaa_Tabata
Marahaba. Hesabu haijawahi kufika Tabata.

Ya_Moto_Daima
Ndio maana sisi tunakunywa ya moto. Mhudumu anauliza moto au baridi, najibu moto, hamna friji, hamna LUKU. Nchi nzima ikinywa ya moto kazi kwisha.

kijana_wa_Ilala
Dar hii ya Januari unywe bia ya moto? Wewe kaa huko huko kwenye baridi yenu, usituletee.

Ya_Moto_Daima
Huko kwenye baridi ndio wanaoijua bia. Nyie mnakunywa barafu, ladha hamuisikii, mnasikia ubaridi.

kijana_wa_Ilala
Ladha gani ipo kwenye bia ya moto zaidi ya uchungu mzee? Acha kutuonea.

Mangi_Kibosho
Wote mnabishana kitu cha juzi. Mbege, pombe yetu Wachagga, haina friji, haina kopo, haina boila ya mafuta. Ndizi za kihambani, ulezi, gome la msesewe, unakunywa kwenye kata, kata inaoshwa inatundikwa. Tena haisafiri, inanyweka palepale kijijini maana kesho kutwa imeshakuwa kali. Mkitaka bia isiyo na moshi mnayo tayari na mmeidharau.

Ngosha_Mwz
Mangi na kuni zinazochemsha zile ndizi kutwa nzima? Mlima wenu kule chini umebaki kipara.

Mangi_Kibosho
Kipara kwa mbege? Mlima umekatwa kwa mbao na mkaa wa kupeleka mjini, watu wanajenga. Mama anachemsha mbege kwa matawi aliyopunguza kwenye kahawa na grivilea zake mwenyewe. Usiwasingizie mama zetu kwa jambo usilolijua. Sema lingine.

Ngosha_Mwz
Sijasingizia mama wa mtu, nimeuliza kuni.

FundiStimu
Naomba niwaingilie. Mmeacha CHUPA na ndipo penye uzito kuliko ugomvi wa moto na baridi. Kioo kinayeyushwa kwenye tanuru nyuzi kama 1500, na tanuru halizimwi usiku. Chupa ikirudi ikaoshwa ikajazwa mara ishirini, ule moto wa tanuru umegawanywa kwa bia ishirini. Ikivunjika mara ya kwanza, moto wote unaubeba kwenye bia moja. Saivi naona makopo yanazidi, kila supamaketi kopo, kila sherehe kopo. Kopo ni alumini na alumini mpya inakula umeme kupita kiasi, ukiyeyusha ya zamani unaokoa karibu asilimia 95 ya nishati lakini lazima lirudi, na kinachorudisha makopo mjini hapa ni wale vijana wenye viroba mgongoni wanaolala njaa siku bei ya skrapa ikishuka. Kampuni ikisema inapunguza kaboni huku inasukuma makopo, iwaulize hao vijana kwanza.

MamaBaa_Tabata
Hapo fundi umeongea. Ila ongeza hili, chupa ikivunjika baani kwangu nalipa mimi, kreti isipotimia gari haliniachii mzigo mpaka nitoe hela ya chupa. Sisi ndio tunaorudisha chupa nchi hii na hakuna ripoti inayotutaja.

kijana_wa_Ilala
Swali la kijinga labda. Bia yenyewe ikichacha si inatoa hewa ukaa nyingi tu? Mbona hamuisemi?

FundiStimu
Sio la kijinga. Ile imetoka kwenye shayiri, na shayiri iliivuta hewani msimu uleule, kwaiyo inarudi ilikotoka. Shida ni pale kiwanda kinapoiachia ipae halafu kinanunua nyingine ya kuweka kwenye bia. Rungwe kule kuna kaboni inatoka chini ya ardhi ya volkano, TOL, kampuni ya gesi, wanaivuna na kuiuzia viwanda vya vinywaji. Kiwanda kikikamata gesi ya matangi yake, kikaisafisha na kuirudisha kwenye bia, hakina haja ya kwenda kununua ya ardhini.

Jaduong_Ksm
Na machicha, yale mabaki ya nafaka bia ikishapikwa? Hayo yatiwe kwenye mtambo wa gesi pamoja na maji machafu, boila ipate moto wa bure. Maji machafu pekee yakiozeshwa kwenye tangi lisilo na hewa yanatoa gesi ya kuwasha.

Mfugaji_Kiluvya
Nimekuwa nasoma kimya ila hapo kwenye machicha nasimama. Maji machafu chukueni yote, ozesheni, washeni. MACHICHA MSIGUSE. Nina nguruwe na ng'ombe wa maziwa, chakula cha dukani kimepanda hakishikiki, machicha ya bia ndio yanayotubeba. Tunapanga foleni na kirikuu toka alfajiri, yanamwagwa yakiwa bado yanafuka mvuke, unapakia mbio mbio maana ukichelewa siku mbili yamechacha. Mkiyachoma, mimi nitatafuta pumba na mashudu kutoka Singida kwa lori la dizeli. Ngosha kaeleza vizuri kuhusu pumba, jambo ni lilelile.

Mpima_Moshi
Naona kila tunachogusa kina mtu amekishikilia. Boila ina mchoma tofali, machicha yana mfugaji, friji lina mama. Basi niulize hivi, ahadi ya mpaka kwa mnywaji ilitolewa na kampuni, kwa nini gharama iko kwa hawa watatu?

MamaBaa_Tabata
Ndio swali ulitakiwa uanze nalo. Mimi nataka mpira wa mlango tu. Uletwe.

Ya_Moto_Daima
Mama mimi nikija kwako hulipi hata uniti moja.

Mfugaji_Kiluvya
FundiStimu njoo PM, kuna boila ndogo ya kuchemshia chakula cha nguruwe inavuja palepale ulipopasema, usawa wa goti.