Kwa nini seli hugandishwa kabla ya kupigwa picha za eksirei?

Mpimaji: Ndugu wanajukwaa, kazi yangu ni kutazama vimelea vya malaria kwenye slaidi zilizotiwa rangi ya Giemsa. Nimesoma kwamba zipo hadubini za eksirei zinazokionyesha kimelea ndani ya seli nyekundu ya damu iliyogandishwa, bila rangi wala kuikata. Naomba kueleweshwa: picha hiyo hupatikanaje bila rangi, na kwa nini seli igandishwe?

Mwalimu wa Fizikia: Eksirei hizo si zile za hospitali. Ni eksirei laini, zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 2.3 na 4.4, na wanafizikia huliita eneo hilo dirisha la maji, kwa sababu maji huzifyonza kidogo tu ilhali kaboni iliyomo kwenye protini na mafuta huzifyonza takriban mara 10 zaidi. Kwa hiyo utando na kiini hujitokeza vyenyewe, na zile fuwele za himozoini (mabaki ya himoglobini iliyoliwa na kimelea) unazoziona zikiwa na rangi ya kahawia kwenye kimelea kilichokomaa huonekana waziwazi. Seli huzungushwa kidogo kidogo huku ikipigwa picha, kisha kompyuta hujenga umbo lake la pande tatu.

Mtafiti wa Seli: Naongezea kuhusu kugandisha. Picha nyingi zina maana ya mionzi mingi, na seli hai ingeharibika kabla kazi haijaisha. Baridi haiizuii mionzi kuvunja molekuli, ila huvishikilia vipande mahali pake. Hata hivyo, friza ya kawaida haifai kabisa, kwani maji yakiganda polepole hufanya fuwele zinazochana utando. Ndiyo maana sampuli huzamishwa ghafla, mara nyingi katika ethani ya kimiminika, maji yakawa magumu kama kioo, bila fuwele. Kazi hiyo ya kuyagandisha maji ndiyo iliyompatia Jacques Dubochet sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 2017.

Mpimaji: Nashukuruni sana. Je, hadubini ya elektroni haitoshi?

Mtafiti wa Seli: Elektroni huona vitu vidogo zaidi, lakini hazipenyi vizuri sampuli inayozidi takriban nusu mikromita, na seli yako nyekundu ni nene kuliko hapo. Eksirei laini hupita hata katika mikromita 10, zikionyesha vitu vya nanomita 50 hivi. Ugumu uko kwenye chanzo cha mionzi: hadubini nyingi za aina hii hutegemea sinkrotroni, yaani mashine kubwa zinazozungusha elektroni kwa kasi ili zitoe mionzi, kama zile za Berkeley nchini Marekani, Berlin, na ALBA karibu na Barcelona. Kwa kumpima mgonjwa, slaidi yako ya Giemsa bado ndiyo chombo sahihi.