MJADALA: Chama cha wakazi kiwajibike kwa mtaa wa jirani pia, au mtaa wake tu?

Wakuu, kila masika yakianza, mitaa ya Dar inaanza kulaumiana. Mtaa wa juu wamechangishana, wamechimba mtaro wa maana, maji kwao hayatuami tena. Yanaishia vyumbani mwa watu wa bondeni. Hao wakilalamika wanajibiwa: "Sisi tumechanga kwa ajili ya mtaa wetu, na nyie changeni wenu."

Jibu hilo mimi silikubali, na sisemi hivyo kwa kuvichukia vyama vya wakazi. Hanna Nassif pale Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walijiunga na kushiriki kwa mikono yao kujenga mitaro ya mvua na barabara za ndani. Walinzi wa usiku, taa, gari la taka: sehemu nyingi bila michango ya wakazi havipo.

Lakini tukumbuke dampo la Tabata, ambako Jiji lilikuwa likimwaga taka. Wakazi walichoshwa na moshi na harufu, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, likavuta miaka, mwisho likahamia Kunduchi Mtongani, eneo lililopangwa kwa makazi! Wakazi 795 wa huko nao wakafungua shauri mwaka 1991, wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Watu wa Tabata walikuwa na haki kabisa, na kosa lilikuwa la Jiji. Ila kila eneo lilipigana peke yake, na aliyechelewa kujipanga ndiye aliyemwagiwa.

Ndiyo maana nasema chama cha wakazi kisiruhusiwe kugusa mtaro, dampo au barabara ya kupita watu mpaka mitaa inayoguswa imekaa pamoja. Kikao kipo tayari: Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani ndiye mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hakuna haja ya kuunda chombo kipya.

Najua wapo watakaosema kata ni siasa tupu, ukipeleka jambo pale litalala mpaka uchaguzi. Hoja hiyo ina uzito. Basi wekeni muda: kata isipojibu ndani ya miezi miwili, chama kiendelee, lakini mtaa wa chini uwe umearifiwa kwa maandishi na umeuona mchoro wa mtaro.

Kingine kinachoniuma ni wapangaji. Vikao vingi ni vya wenye nyumba, ila mchango wa ulinzi analipa mpangaji. Anayelipa apige kura.

Nawaomba hasa wanaokaa mabondeni, Jangwani, Kigogo, Mchikichini, mseme: mtaa wa juu ulipochimba mtaro, kuna aliyekuja kuwauliza? Na nyie viongozi wa vyama, mtaro wenu unamwaga wapi?