Mbona kila mzazi siku hizi anapasuliwa?

Baba Rahma, Jang'ombe: Mtaani kwetu tokea mfungo mosi wamejifungua wanne, watatu kwa kisu. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 1985 upasuaji usizidi asilimia 10 mpaka 15. Ni haja, au haraka za madaktari? Na wanawake wetu nao wavivu, bibi zetu walizaa kumi na kesho yake wako kondeni.

Bint Wete: Uvivu? Mie nilishikwa na uchungu alasiri mpaka alfajiri, njia haifunguki, mapigo ya mtoto yanashuka. Natia saini, kalamu inateleza kwa jasho. Siku ya tatu nikitaka kukohoa nabana mto tumboni kwanza. Njoo uniite mvivu mbele yangu.

Mzee wa Ng'ambo: Usihamaki mwanangu. Bibi yangu kazaa kumi na moja kwa mkunga wa mtaa.

Bint Wete: Kazika wangapi, babu?

Mzee wa Ng'ambo: Wanne. Hayo ni ya Mungu.

Nesi wa zamu: Hiyo asilimia ni ya nchi nzima, si ya hospitali moja. Hospitali kubwa inaletewa walioshindikana kwengine, lazima izidi. Kinachonitisha mie ni ule upasuaji wa kwanza. Akishapasuliwa, wengi hupasuliwa tena kwa kuchelea kovu la kizazi lisiachane. Ukifika wa tatu au wa nne, kondo la nyuma linaweza kung'ang'ania kwenye kovu, na hapo damu haishikiki. Ulizeni wa kwanza ulikuwa wa nini.

Baba Rahma, Jang'ombe: Mie sikumtukana mtu. Nilikusudia baadhi yao.

Bint Wete: Uliandika "wanawake wetu". Rudi juu usome.

Kijana wa Darajani: Na hospitali za kulipia je? Mke wangu aliambiwa mtoto mkubwa, hapiti, apasuliwe leo leo. Katoka kilo 2.9! Deni nalilipa mpaka sasa.

Mzee wa Ng'ambo: Pole. Alikandwa lakini? Siku hizi hawakandwi, ndio maana viuno vinawauma.

Nesi wa zamu: Babu, tafadhali. Mwenye mshono hakandwi tumbo kwa maji ya moto. Nimempokea mmoja wiki ya pili, mkanda wa tumbo umeganda kwenye usaha.

Mama Swaumu, Chake: Kumbe? Mkwe wangu kapasuliwa juzi na maji yako jikoni yanachemka. Mgongo na miguu je, nimkande?