MREJESHO: Friji lililokuwa likijazwa gesi kila mwezi

Wakuu, mimi ndiye yule niliyewaomba ushauri hapa kuhusu friji nililonunua duka moja la Kariakoo, miezi saba tangu litoke dukani, likawa halikai na ubaridi. Fundi wa duka anakuja, anajaza gesi, anaondoka. Wiki tatu baadaye maziwa yanachacha. Asanteni sana, hasa aliyesema gesi ya friji haiishi kama mafuta ya bodaboda: ikipungua, kuna mahali inavuja.

Nikaacha kupiga simu (kila siku “meneja katoka kidogo”), nikapeleka barua dukani yenye nakala kwa FCC (Tume ya Ushindani, inayolinda walaji) na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Siku ya nne akaja fundi mwingine. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba karibu na kompresa, na pale pale vipovu vikaanza kufura kimoja kimoja. Akachomelea, akabadilisha fita (chujio la gesi), akajaza gesi. Huu mwezi wa pili, barafu inashika vizuri.

Nilipokwama: kunibadilishia friji jipya, dukani wamekataa katakata, na samaki walioharibika hakuna aliyewalipa. Ile elfu 30 niliyotoa kama “nauli ya fundi” nayo imekwenda, sikudai risiti. Hapo mlinionya, nikajifanya mjuaji.