Mdogo wangu katoka jela, dawa zimeisha na baba mwenye nyumba hamtaki. Naanzia wapi?

dada_wa_mbagala

Habari zenu wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimekwama kweli na sina wa kumuuliza.

Mdogo wangu wa kiume alifungwa miaka 9 kwa kesi ya kumjeruhi mtu huko kwetu Njombe, katoka mwezi uliopita baada ya miaka 6, ile theluthi alipunguziwa. Aliingia ndani mzima kabisa, fundi ujenzi, mtu wa kucheka cheka. Mwaka wa 3 ndo tukasikia anaongea peke yake usiku na hataki kula anasema chakula kimewekwa kitu, wenzake wakamwambia nyapara, akapelekwa zahanati ya gereza halafu hospitali, akaanzishiwa dawa. Nilivyoenda kumtembelea mwaka uliofuata nilimkuta ametulia, amenenepa, mikono tu ndo ilikuwa inatetemeka.

Siku anatoka nilimpokea stendi ya Mbezi na mfuko mmoja, ndani suruali, biblia na vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, vya siku kama kumi hivi. Hamna cheti, hamna jina la dawa, hamna aliyemwambia aende wapi vikiisha. Vimeisha. Sasa ni siku ya 12 halali, anazunguka uani saa nane za usiku anakagua geti, mchana anakaa kwenye kona ya chumba kaegemea ukuta, mtoto akiangusha kikombe anaruka.

Mimi na mume wangu tuna vyumba viwili na watoto watatu, nyumba ya kupanga. Wapangaji wamejua katoka wapi, wamepeleka maneno, baba mwenye nyumba kaniita kasema mpaka tarehe 30 awe ameondoka. Mume wangu ni mtu mzuri ila na yeye ameanza kukaa kimya. Kijijini siwezi kumrudisha, yule aliyemjeruhi mashamba yetu yamepakana, wakimuona tu ni kesi nyingine.

Juzi kaniambia dada bora ningebaki kule kule, kule angalau nilikuwa najua pa kulala ni wapi. Nimelia sana.

Naomba kujua dawa nazipataje bila cheti, na je kuna nyumba yoyote ya serikali ya kuwapokea watu kama hawa hata kwa miezi miwili mitatu?

mstaafu_1958

Pole sana binti yangu. Mimi nilikuwa askari magereza, nimestaafu, miaka yangu mingi nimekaa upande wa zahanati kwahiyo hili nalijua kwa macho.

Kwanza cheti. Mtu akitibiwa akiwa kifungoni kumbukumbu zake zinaandikwa, zipo kwenye zahanati ya gereza na pale hospitali alipopelekwa kuonwa na daktari. Usisubiri kusafiri, nenda gereza lolote lililo karibu na wewe hapo Dar, Keko au Ukonga au Segerea, muombe ofisa wa ustawi au wa tiba akusaidie kuwasiliana na gereza alilotoka, beba ile karatasi yake ya kuachiwa maana ina namba yake ya kifungo na hiyo namba ndo ufunguo wa kila kitu. Ongea kwa upole tu, wengi watakusaidia. Ila wakati unahangaikia hilo USIKAE nyumbani unangoja, mpeleke hospitali leo, daktari wa akili hahitaji cheti ili amuone mgonjwa, atamuuliza yeye na wewe na ataanza upya.

Pili, kuna watu watakuja hapa kukwambia mpeleke Isanga. Isanga msichanganye. Kuna Gereza la Isanga na kuna Taasisi ya Isanga, zote Dodoma. Ile taasisi iko chini ya Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, na ni ya watu wenye kesi, mahakama ikiona mshitakiwa akili yake ina mashaka inamtuma kule achunguzwe, sheria inampa daktari siku 42 alete ripoti, na wale waliokutwa walitenda kosa wakiwa hawana akili timamu nao wanawekwa kule. Mdogo wako kesi yake imeisha na kifungo amemaliza. Yeye sasa ni raia mgonjwa kama raia mwingine, hamna haja ya kumrudisha kwenye mikono ya sheria.

Nyumba ya serikali ya mpito kwa aliyemaliza kifungo, binti yangu, miaka yote ya kazi yangu sijawahi kumkabidhi mtu kwenye nyumba ya namna hiyo. Tulikuwa tunamkabidhi kwa ndugu, asiye na ndugu anatoka getini na kifurushi chake anashika barabara. Wapo niliowaona wanarudi ndani ya miezi miwili, na ukimuuliza anakwambia afande huku nje sikuwa na pa kwenda. Hili jambo liliniuma kazini na linaniuma mpaka leo. Mtu mnamtibu miaka mitatu, anapona mnaona, halafu siku ya kutoka mnamfungia vidonge kwenye karatasi.

Mbarikiwa_K

Dada hayo ni mapepo ya gerezani, kuna damu imemwagika kule. Mtafute mchungaji wa kufunga naye siku 7, na hizo dawa aachane nazo zinawafanya mazezeta.

nesi_zamu_ya_usiku

Mbarikiwa maombi ni sawa na mimi ni mtu wa maombi pia, lakini hiyo ya kuacha dawa tafadhali usimwambie mtu. Kaachishwa siku 12 na mmesoma kilichotokea.

Dada mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nakujibu kwa utulivu.

Kinachomzuia kulala huenda kuna sauti anazisikia au kuna mtu anaona anamfuata, ndo maana anakagua geti. Sio ukorofi. Mpeleke kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa mtu wa Mbagala ni Temeke, na ikishindikana watawapa rufaa ya Muhimbili. Ukifika mwambie daktari mambo matatu: lini alianza kuumwa, lini kameza kidonge cha mwisho, na yale maneno ya kwamba bora angebaki kule. Hayo ya mwisho usiyafiche. Najua watu wanaogopa kusema kwasababu kujaribu kujiua huku kwetu bado ni kosa kwenye sheria (Kenya mahakama kuu ilishatamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha hivyo kinapingana na katiba, sisi bado) lakini kusema una huzuni au umechoka kuishi sio kosa, na daktari hakupeleki polisi. Wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka jela ndo za hatari kuliko zote, duniani kote iko hivyo. Muulize yeye mwenyewe kwa maneno ya wazi, mdogo wangu unafikiria kujiua? Kumuuliza hakumpi wazo. Kamba, sumu ya panya, dawa za mashamba, toa ndani. Akisema ana mpango, au akianza kusikia sauti zinamwamuru kitu, usingoje asubuhi, nendeni dharura usiku huo huo.

Hela: magonjwa ya akili yapo kwenye magonjwa sugu ambayo sera ya afya inayasamehe uchangiaji kwenye hospitali za serikali. Watu wengi hawaambiwi hili dirishani. Ulizia dawati la ustawi wa jamii hapo hospitali kabla hujalipa, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa inakuwa rahisi zaidi. Sisemi dawa zitakuwepo kila siku, kuna siku utaambiwa ukanunue nje, ndo ukweli.

Na kwa mtu asiye na makazi ya kueleweka muulize daktari habari ya sindano. Ipo ya kuchomwa mara moja kwa mwezi, wengi wanaijua kwa jina la Modecate, mtu hahitaji kukumbuka vidonge kila jioni wala kuvibeba kwenye mfuko akihama hama. Ile kutetemeka mikono mara nyingi ni dawa zenyewe, kuna kidonge cha kupunguza, mwambie daktari asije akaacha tiba kwa ajili ya hiyo. Bangi na gongo marufuku kabisa.

sululu

Dada mi nilikaa jela miaka 4, sikuumwa kama mdogo wako ila nakwambia vitu ambavyo nesi na afande hawawezi kuvijua.

Kule sisi tulikuwa tunafungiwa saa 10 jioni, taa inawaka usiku kucha, mnalala ubavu mmoja akigeuka mmoja wanageuka wote, na kila siku unahesabiwa. Ukitoka nje unawekwa kwenye chumba peke yako giza kimya na mlango umefungwa unaona kama umekufa. Mi miezi ya mwanzo nilikuwa naamka saa ya kuhesabiwa nachuchumaa kando ya kitanda, mke wangu alikuwa anadhani nimechanganyikiwa. Kwahiyo msimfungie. Mwachieni mlango wa chumba wazi, taa ndogo iwake, na asubuhi mpeni kazi yenye saa maalum hata kama ni kuchota maji, lakini mwambieni kabla. Kitu cha ghafla ndo kinamshtua. Na usimguse akiwa amelala, muite jina kwa mbali.

Kuhusu chumba, hiyo ya kutakiwa kodi ya miezi 6 mkononi ndo inawaua watu wote waliotoka. Mi nilizunguka na dalali wiki tatu, nikisema ukweli nanyimwa nikificha naogopa. Mwisho nilienda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikamwambia mimi nimetoka jela, nimemaliza, hii karatasi yangu, naomba uniandikie barua na unijue sura. Yule mzee ndo alinipeleka kwa mama mmoja huku Chanika, nikapewa chumba nalipa mwezi mwezi 25 elfu kwa sharti kwamba nimalizie kupiga plasta nyumba yake. Nipo hapo mpaka leo. Mdogo wako si fundi ujenzi? Huku watu wanajenga kila kona, mapagale yamejaa, mwenye pagale anatafuta mtu wa kulala alinde matofali na saruji. Ila asikae pagale peke yake kabla hajatulia na dawa, hapo nesi nakubaliana naye. Njoo inbox nikuunganishe na huyo mama, ana chumba cha uani.

dada_wa_mbagala

Sijui niseme nini jamani, nimesoma majibu yenu kwa sauti mume wangu akisikiliza, naye kasema kesho haendi kazini tunaenda hospitali wote.

Mzee mstaafu karatasi ya kuachiwa ninayo, niliiweka na vyeti vya watoto. Nesi, nimemuuliza kama ulivyosema, mikono ilikuwa inanitetemeka mimi. Kakaa kimya muda mrefu, kasema anafikiria ila hajapanga, halafu kasema hakuna mtu alishawahi kuniuliza. Sumu ya panya nimetupa.

dada_wa_mbagala

Mrejesho, siku ya 9 leo tangu twende hospitali. Daktari kamuanzishia vidonge na kasema akiona mwili unaikubali dawa wamhamishie kwenye sindano. Dada wa ustawi kanisaidia msamaha, dawa mbili nimepata, moja nimenunua nje. Gerezani bado hawajajibu ila yule ofisa kachukua namba ya kifungo na namba yangu ya simu.

Baba mwenye nyumba nilimpelekea kadi ya kliniki aione, kaongeza mpaka tarehe 15 hajaongeza zaidi. Jumamosi tumeenda Chanika na sululu, yule mama kamuangalia mdogo wangu kamuuliza unajua kupiga plasta, akasema najua, akamuonyesha ukuta. Chumba kiko uani, dirisha linatazamana na mlango wa mama mwenyewe. Nimelipa miezi miwili kwa hela ya kikoba na mume wangu kaongezea godoro. Kliniki ni kila baada ya wiki mbili, tumekubaliana mimi ndo nitakuwa naenda kumchukua Chanika tunapanda gari pamoja mpaka atakapozoea.

Anahamia Jumatano. Usiku wa jana kalala tangu saa nne mpaka adhana ya alfajiri, mlango tuliuacha wazi na taa ya simu inawaka kama sululu alivyosema.